Kanda ya Harusini Chini ya Mlima Meru

Mpenzi wa taarabu atakaye kumwonjesha mwenzake sauti ya mwimbaji ampendaye hukabiliwa na swali lisilo na jibu jepesi: aanze na kanda ipi? Swali hilo huzidi uzito pale mwenzake anapokuwa si mtu wa pwani. Mwenyeji wa Mvita aliyehamia Arusha kwa kazi au biashara, akaishi baina ya migomba na mibuni ya miteremko ya Meru, anajua kwamba jirani yake Mmeru au Mwarusha anakisema Kiswahili barabara. Lakini kukisema Kiswahili si kuujua utungo wa Kimvita, na kanda moja iliyochaguliwa vibaya yaweza kuufunga mlango usifunguliwe tena.

Asili ya tatizo hili ni ya kihistoria. Siti binti Saad aliporekodi santuri zake kule Bombay mwaka 1928, upande mmoja wa santuri ulichukua dakika kama tatu tu. Utungo wa beti nyingi ulilazimika kufupishwa ili uingie katika kipimo cha mashine. Kaseti ya Philips, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1963, ndiyo iliyoubadili mizani huo. Kanda ya dakika 60 au 90 iliweza kunasa sehemu kubwa ya usiku mmoja wa harusi: udi ukitiwa sauti, mwimbaji akikohoa, ubeti ukirudiwa mara tatu kwa kuwa waliopo wameutaka. Tena redio kaseti haikuhitaji studio wala fundi. Aliyekuwa nayo aliiweka karibu na spika, akabonyeza, na asubuhi kanda ikawa imeshaanza kunakiliwa.

Mombasa ndiko desturi hiyo ilikoota mizizi. Mbwana Radio Service ilijulikana kwa kusambaza kanda za taarabu, na pembeni ya biashara hiyo zilizagaa kanda zisizo na jalada wala tarehe, zilizopitishwa kutoka mkono hadi mkono. Majina mawili yalitawala. Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alizipenda nahau za Kihindi na akaimba tungo za jamaa yake Ahmad Nassir, yule ambaye diwani yake *Malenga wa Mvita* ilitoka mwaka 1971. Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyefariki mwaka 2016, alikuwa bingwa wa udi, na miongoni mwa waliompa mashairi ni Sheikh Ahmed Sheikh Nabhany, mlinzi mashuhuri wa lugha na tungo za kale. Kwa wawili hawa muziki ulikuwa chombo, na abiria wake alikuwa shairi.

Upande wa Meru nao haukuwa kisiwa. Reli ya kutoka Tanga ilifika Arusha mwaka 1929, na tangu hapo mji ule ukawa na njia ya moja kwa moja ya kuteremkia baharini. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa na makao yake hapo, tangu 1967 hadi ilipovunjika mwaka 1977, watumishi kutoka nchi tatu walikutana katika mitaa ile ile. Wanamuziki nao walipita. Ndugu Wilson na George Kinyonga, waliokuwa wakipiga na Jamhuri Jazz ya Tanga, walihamia Arusha mwaka 1970, na pamoja na ndugu yao William wakaunda Arusha Jazz. Mwaka uliofuata walikuwa Mombasa, na hapo likazaliwa jina la Simba Wanyika. Muziki uliotoka pwani ukapanda mlimani, kisha ukarejea pwani ukiwa na jina jingine.

Safari hiyo ina funzo kwa mchaguzi wa kanda. Sikio la Arusha lililolelewa na magitaa ya dansi limezoea maneno yanayosikika mara moja, na hadithi inayojieleza yenyewe. Taarabu ya Mombasa haijielezi. Kwanza kuna lahaja: msikilizaji hukutana na *ndia* badala ya njia, *mato* badala ya macho, *nti* badala ya nchi. Pili kuna fumbo. Ua linalosifiwa si ua, na chombo kinachozama hakikuundwa kwa mbao. Ndiyo maana wengi hushauri mgeni aanziwe na kanda safi ya studio, ambamo kila neno limesimama peke yake na udi haukufunikwa na kelele.

Ushauri huo una mantiki, ila una upungufu wake. Kanda ya studio humpa mgeni maneno bila ya kumpa watu walioambiwa maneno hayo. Katika kanda ya harusini, wakati mwimbaji anapofika kwenye ubeti wenye mwiba, vigelegele hupasuka ghafla. Bibi mmoja ameinuka kwenda kumtunza, na kwa kuinuka kwake ameutangazia umma kwamba ubeti ule ni wake: amesemewa, au amemsemea mwingine. Mwimbaji huurudia. Bibi wa pili huinuka. Anayesikiliza kanda hiyo nyumbani kwake Ngarenaro au Kaloleni haoni chochote, lakini anasikia mahali fumbo lilipopiga. Kelele ambayo fundi wa studio angeifuta ndiyo tafsiri ya shairi.

Basi njia iliyo bora ni kutumia zote mbili kwa utaratibu. Kanda ya kwanza iwe ya Zein, safi na ya mwendo wa taratibu, ili udi uandae sikio na maneno yapate kuulizwa maana moja moja. Ya pili iwe ya wimbo ule ule, ulionaswa harusini. Tofauti baina ya hizo mbili humfundisha mgeni zaidi ya maelezo ya mwenyeji, kwani atagundua mwenyewe ubeti uliorukwa, neno lililobadilishwa, na mstari uliovutwa hadi pumzi ikakaribia kukatika. Bhalo aje baadaye, mgeni atakapokuwa ameshajua kwamba nahau ya Kihindi haikuja kulifunika shairi la Kimvita bali kulibeba. Mwenye kuanza na kanda aipendayo yeye kuliko zote mara nyingi hukosea, kwa sababu kuipenda kwake kumejengwa juu ya nyingine nyingi ambazo mwenzake hajazisikia.

Limebaki jambo moja zito. Kanda ya harusini haikuwa mali ya aliyeinakili. Mwimbaji alilipwa na mwenye harusi na akatunzwa na waliohudhuria. Nakala zilizotapakaa baadaye aghalabu hazikumletea kitu. Tanzania ilitunga Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki mwaka 1999, na Chama cha Hakimiliki, COSOTA, kikaanza mwaka 2001, wakati kaseti yenyewe ilikuwa inaelekea jioni yake. Zaidi ya haki ya mwimbaji, kuna sitara ya waliokuwamo. Majina yaliyotajwa usiku ule, na vijembe vilivyotupwa baina ya majirani, havikukusudiwa kusikilizwa na mgeni aliye mamia ya maili mbali. Mpenzi mwenye adabu huichagua kanda ambayo fumbo lake limebaki fumbo, na ile inayomtaja mtu kwa jina huiacha sandukuni.

Hata hivyo, kuziacha zote sandukuni nako ni hasara. Utepe huliwa na ukungu na joto, na zipo beti ambazo hazikuingia katika diwani wala santuri yoyote, zilizotungwa kwa usiku mmoja na kuimbwa usiku huo. Kanda iliyonakiliwa bila idhini huenda ndiyo shahidi pekee aliyesalia. Aliye nayo Arusha amebeba amana ya Mvita na Lamu, na amana hiyo haikai kwa kufungiwa. Hukaa kwa kusikilizwa na mtu wa pili, akaulizia neno asilolijua, akajibiwa, kisha akaomba upande wa pili wa kanda ugeuzwe.