Wapangaji wa Kurasini na ekari 30 za Chamazi

Bandari ya Dar es Salaam ikitaka kupanuka, inapanukia Kurasini. Ndivyo ilivyokuwa miaka ya 2000, nyumba za kata hiyo ya Temeke zilipobomolewa kupisha shughuli za bandari. Wenye nyumba walifanyiwa tathmini, wakasubiri fidia, wakanung'unika kuwa haitoshi. Mpangaji hakuwa hata na la kunung'unikia. Fidia hufuata ardhi na jengo, naye hana kimojawapo. Aliambiwa afungashe vyombo, basi.

Hapo ndipo lilipoingia shirika la Centre for Community Initiatives, CCI, lililoanzishwa 2004 chini ya Dkt. Tim Ndezi, likishirikiana na shirikisho la vikundi vya maskini wa mijini. Wafadhili wengi huja na ramani mkononi; hawa walianza na daftari. Mwanachama anatoa alichonacho, hata kama ni chenji ya vitumbua, mweka hazina anaandika, jumla inasomwa mbele ya wote. Mtindo huo ulikuwa umeshazunguka India, Afrika Kusini na Kenya kupitia mtandao wa Slum Dwellers International.

Wala kuchangiana hakukuwa kugeni hapa mjini. Chama cha Wazaramo kilikuwapo tangu miaka ya 1930, vyama vya kufa na kuzikana havihesabiki, na miaka ya 1990 wakazi wa Hananasif, Kinondoni, walishika sururu wenyewe kuchimba mitaro ya maji ya mvua. Ila kununua shamba zima kwa jina la wapangaji, hilo lilikuwa jambo jingine kabisa.

Mwaka 2009 wanachama wa shirikisho wakapata ekari 30 Chamazi, pembezoni mwa Temeke, wakaunda ushirika wa nyumba ulioitwa Muungano. Kikwazo cha kwanza kilikuwa karatasi. Kiwango cha chini cha kiwanja kilikuwa mita za mraba 400, anasa kwa mtu aliyezoea chumba kimoja. Waliomba viwanja vidogo zaidi, wakakubaliwa. Kwangu mimi ushindi huo unazidi hata nyumba zenyewe, maana kanuni ilikubali kupimwa kwa mfuko wa maskini. Kisha kazi ya mikono: matofali ya kufungamana yanayokula saruji kidogo, yakifyatuliwa palepale na wanachama, wanawake wakiwa mstari wa mbele. Nyumba ilipangwa iweze kuanza ndogo na kuongezwa mfuko ukiruhusu. Maji taka yalielekezwa kwenye bwawa la mimea linaloyachuja, kwa kuwa bomba la maji taka la jiji halikufika huko.

Ujenzi ulikwenda polepole. Mkopo wa nyumba ni mzito kwa mtu anayelipwa kwa siku, na Chamazi ni zaidi ya kilomita 20 kutoka katikati ya jiji. Kibarua wa bandarini aliyehamia huko alianza kuhesabu nauli kabla ya kuhesabu mshahara.

Kuna jambo moja ambalo taarifa za miradi hulipita haraka. Watafiti Michael Hooper na Leonard Ortolano, waliochunguza harakati za wakazi wa Kurasini waliokabiliwa na bomoabomoa, walikuta kwamba waliojitoa zaidi kwenye kazi ngumu za harakati hizo walikuwa wenye nyumba, si wapangaji. Mwenye nyumba alikuwa na pa kupigania. Mpangaji, aliyezoea kuhamishwa na yeyote, mara nyingi alishatafuta chumba kingine.