Majengo ya Moshi, kuanzia Njia ya Kiboriloni

Msafiri atokaye Himo kwenda Moshi mjini, akiwasili Kiboriloni na kuliona soko lenye mikungu ya ndizi na umati wa watu waliotelemka kutoka migombani, aghalabu hushika njia yake moja kwa moja, asiiangalie ile barabara ipandayo mkono wa kulia kuelekea Kidia na Tsudunyi. Ilhali mtu atakaye kuijua tarikhi ya majengo ya mji huu hana budi kuanza safari yake kwa barabara hiyo, kwa kuwa Moshi ya asili, iliyokuwa maskani ya Mangi (yaani mtawala wa Kichagga) Rindi na baada yake mwanawe, Mangi Meli, ilikuwa huko juu, Old Moshi, wala haikuwa katika tambarare hii ya maduka na mabenki.

Wachagga wa zama hizo walijenga nyumba za msonge, zilizoezekwa kwa majani tangu kileleni hadi karibu na ardhi, na chini ya udongo wakachimba mahandaki ya kuwaficha wanawake, watoto na mifugo wakati wa vita. Nami sikubali kamwe kwamba ustadi wa kujenga ni wa mawe na chokaa peke yake, maana handaki lililochimbwa lisiporomoke, likapitisha hewa na kumhifadhi mtu asionekane na adui, ni kazi ya fundi kamili.

Mwaka 1892 jeshi la Meli liliwashinda Wajerumani, lakini mwaka uliofuata walirudi kwa nguvu kubwa zaidi wakaitwaa Moshi, wakaweka boma lao huko huko mlimani. Na tarehe 2 Machi 1900 wakamnyonga Mangi huyo pamoja na wakuu wengine. Jirani na mahali hapo, Kidia, walikuwa wamekwisha kukaa wamisionari wa Kilutheri waliotoka Leipzig, na ndiko Mchungaji Bruno Gutmann alikohudumu miaka mingi hadi 1938, akiandika mila na sheria za Wachagga kwa bidii isiyo na mfano.

Kilichoutelemsha mji ni reli. Ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikakwama mara kwa mara kwa upungufu wa fedha, na ilipofika chini ya mlima mwaka 1911 serikali na wafanyabiashara waliifuata tambarare, kwani garimoshi halikuweza kupanda miteremko ile. Kwa sababu hiyo stesheni ya Moshi yastahili taadhima kuliko ipewayo: mji haukuijenga stesheni, bali stesheni ndiyo iliyouzaa mji. Waingereza waliutwaa Machi 1916, njia ikapelekwa Arusha mwaka 1929, na baada ya miaka mingi ya ukimya abiria kutoka Dar es Salaam waliteremka tena hapo Desemba 2019.

Lakini lau ningelazimishwa kuchagua jengo moja tu, ningelichagua la chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, KNCU, lililo karibu na Mnara wa Saa. Walowezi wengi wa Kizungu hawakupenda kumwona Mchagga akilima kahawa yake mwenyewe, wakihofia vibarua wapungue mashambani mwao. Wakulima nao wakajikusanya mwaka 1925 katika chama kilichoongozwa na Joseph Merinyo, mtu wa Old Moshi, na kutokana na chama hicho ikazaliwa KNCU mwaka 1933. Ghorofa zake, pamoja na ofisi na hosteli iliyokuwamo, zilitokana na mazao ya watu wenye vihamba vidogo, na katika mji ambao boma na stesheni vilijengwa kwa amri ya wageni, hilo ni jambo kubwa mno. Serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976. KNCU ikafufuka mwaka 1984.

Anayewaongoza wageni afanye hivi: asubuhi awapandishe Kidia kwa njia ya Kiboriloni, adhuhuri awafikishe stesheni, kisha alasiri yote awaachie jengo la KNCU, wapate kuzungumza na wazee wa kahawa wenyewe.