Klabu za Wagoa na Mipaka ya Kusaidiana

Klabu za Wagoa wa Afrika Mashariki hukumbukwa zaidi kwa dansi, kriketi na vinywaji. Kumbukumbu hiyo si ya uongo, ila inaficha sababu ya kuwapo kwake. Mgoa aliyeshuka Unguja au Mombasa mwishoni mwa karne ya 19 alitoka Goa, eneo la India lililotawaliwa na Wareno tangu 1510, akaajiriwa na Waingereza kuwa karani, mpishi au fundi cherehani mbali na kwao. Akiugua, akipoteza kazi au akifariki, ndugu walikuwa ng'ambo ya bahari, na serikali zote mbili zilimwona wa pembeni. Klabu ilijaza pengo hilo kwanza, starehe ilifuata.

Ushahidi wa mwanzo uko Bombay, bandari waliyopitia wengi wao. Huko mabaharia na wapishi waliosubiri meli walikaa katika nyumba zilizoitwa kudd, kila moja ikiwa ya watu wa kijiji kimoja cha Goa. Ndani mlikuwa na altare, masanduku ya wanachama yakiwa yamepangwa ukutani, na jioni wote walitakiwa kusali rozari. Ada ilikuwa ndogo, na mgeni asiye na kazi alipata pa kulala. Afrika Mashariki wazo hilo liliendelea, lakini badala ya kijiji, watu walijipanga kwa kazi na hadhi. Nairobi peke yake ilikuwa na Goan Institute, Goan Gymkhana, klabu ya Wagoa wa reli, na chama cha mafundi cherehani chini ya Mtakatifu Fransisko Ksaveri.

Hapa msomaji ana haki ya kuuliza: kama lengo lilikuwa kusaidiana, mbona klabu za makarani hazikuwapokea mafundi na wapishi kwa muda mrefu? Hoja hiyo ni nzito, kwani ubaguzi wa kasti ulisafiri nao kutoka Goa, na ngazi za ajira ya kikoloni zikauongezea nguvu. Hata hivyo, waliofungiwa mlango hawakukaa bila chama, walianzisha chao. Kwa hiyo ubaguzi hauonyeshi kwamba haja ya kusaidiana ilikuwa ya uongo. Unaonyesha kwamba kila kundi lilipima ni nani anayestahili msaada wake.

Wengine husema klabu hizi ziliwatenga Wagoa na Waafrika waliokuwa wakidai uhuru. Kwa sehemu ni kweli, maana sheria na desturi za ukoloni ziliwagawa watu kwa rangi, na klabu nyingi ziliridhika na mgawanyo huo. Lakini Pio Gama Pinto, Mgoa mzaliwa wa Nairobi, alijitosa katika harakati za Kenya, akawekwa kizuizini mwaka 1954 na kuuawa Februari 1965. Jamii iliyomlea ilikuwa na wahafidhina na wanamapinduzi, nao walitofautiana pia kuhusu Goa yenyewe hadi India ilipoitwaa Desemba 1961.

Uhuru wa nchi za Afrika Mashariki, kisha amri ya Idi Amin ya 1972 ya kuwafukuza Waasia Uganda, viliwatawanya wanachama hadi Uingereza na Kanada, na huko wakaunda vyama upya. Kama starehe ingekuwa ndiyo kiini, wangejiunga tu na klabu walizozikuta. Kwa hiyo mwanahistoria asiishie kwenye picha za dansi. Chama cha mafundi cherehani kina uzito uleule wa Goan Institute, kwani kwa pamoja vinaeleza msaada ulimfikia nani na uliishia wapi.