CHUMVI YA SAADANI NA METALI YENYE VITUNDU

Wengi wetu twaijua Saadani kwa misafara ya karne ya 19 iliyoanzia hapo kwenda bara, na kwa Bwana Heri aliyepigana na Wajerumani tangu 1888 hadi 1890. Vijana waijua kwa hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 2005. Mimi naongeza jambo moja: chumvi. Karibu na hifadhi hiyo yapo mashamba ambamo maji ya bahari hukaushwa kwa jua, na chumvi ya namna hiyo imo katika historia ya ufundi wa metali.

Rejeta ya gari hupoza maji kwa kuyapitisha penye metali nyingi inayopigwa na upepo. Metali inayoguswa na hewa ikizidi, joto hutoka upesi zaidi. Basi metali yenye vitundu vilivyoungana, mfano wa sponji, hewa ikipita ndani yake, hufaa sana kwa kazi hiyo. Lakini vitundu hivyo vitatengenezwaje?

Mwaka 1948 Mmarekani Benjamin Sosnick alipewa hataza ya kuumua aluminiamu kwa mvuke wa zebaki, kama mkate uumukavyo. Zebaki ni sumu. Tena vitundu vya mvuke aghalabu hujifunga kila kimoja peke yake, hewa isipite. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wahandisi huko huko Marekani wakaeleza njia nyingine, ya chumvi.

Punje za chumvi kavu hushindiliwa katika kalibu hadi zigusane, zikapashwa moto. Aluminiamu iliyoyeyuka husukumwa kwa shinikizo ipenye katikati yake. Ikipoa, hutiwa majini; chumvi huyeyuka na kutoka, na mahali pa kila punje hubaki kitundu. Chumvi ikiwa na unyevu, mvuke hulipuka na kumrushia fundi metali ya moto. Chumvi ikisalia ndani, metali huliwa.

Katika darasa la Kemia tulikariri kwamba aluminiamu huyeyuka kwa nyuzi 660 za sentigredi na chumvi kwa 801. Tulizikariri kwa ajili ya mtihani. Kumbe tofauti ile ya nyuzi 141 ndiyo inayoiwezesha kazi yote! Chumvi tunayo pwani, na mafundi wa kusubu sufuria tunao mijini. Kinachotakiwa ni kijana wa kuwakutanisha.

Wanafunzi, msianze na metali. Anzeni na nta ya mshumaa: imiminieni punje za chumvi ya mawe, ikiganda ikateni, mwiloweke na kubadili maji mara kwa mara. Pimeni uzito kabla na baada, mjue ni chumvi kiasi gani imetoka. Majibu yenu yaandikeni katika gazeti hili, nasi wazee tuyasome.