Bonde la Mlalo, Lililopokea Kisha Likatuma

Katika mwaka huu wa yubilee tulitaka kuliona kwa macho yetu bonde la Mlalo, katika milima ya Usambara. Tulipanda kutoka Mombo, tukapita Soni na Lushoto, tukaingia msitu wa Magamba wenye baridi na ukungu. Kisha njia ikateremka, na bonde likafunuka mbele yetu: migomba, mashamba ya maharagwe, na nyumba za udongo zenye ghorofa. Mzee mmoja wa usharika alitupokea, akawa kiongozi wetu.

Habari za bonde hili zilianza kwa kungoja. Mwaka 1848 Ludwig Krapf alifika Vuga, mji wa Simba Mwene Kimweri, akaomba nafasi kwa ajili ya waalimu wa Injili, na mfalme akakubali. Krapf akarudi tena mwaka 1852. Walakini Kimweri alifariki mwaka 1862, na nchi ikaingia katika vita vya kugombea ufalme. Hata mwaka 1891 ndipo Ernst Johanssen na Paul Wohlrab walipoanza kazi Mlalo. Tangu ile safari ya kwanza ya Krapf ilikuwa imepita miaka 43.

Tulimwuliza mzee mahali walipokaa wageni wale wa kwanza. Akatuonyesha, kisha akatugeuza tuitazame njia itokayo bondeni, akasema kwamba kila mgeni huuliza habari za waliokuja, wala haulizi habari za waliokwenda. Tuliona haya, kwa kuwa ni kweli. Mwaka 1907, miaka 16 tu baada ya kupokea, Usambara ilituma. Johanssen alipokwenda Rwanda, Wakristo Washambaa walifuatana naye, wakaacha migomba yao na jamaa zao, wakaenda nchi yenye lugha isiyo yao. Kazi ile iliyoanzwa Zinga na Kirinda haikufa; ndiyo chimbuko la Kanisa la Presbiteri katika Rwanda.

Tena vita kuu ilipofika milimani hapa mwaka 1916, na baadaye wamisioni Wajerumani wakaondolewa, waalimu wenyeji ndio waliofundisha watoto na kuongoza ibada.

Basi, ndugu waalimu na washarika, yubilee si kuhesabu miaka ya kupokea tu. Jioni, tulipokuwa tukiipanda tena njia ile, tuliulizana: Je, usharika wetu umemtuma nani?