Ijumaa Kuu na Pasaka ya Wakatoliki: Historia Inayotuhusu Hata Sisi



Leo tunaanza na kosa letu. Mwaka 2025 binti mmoja alikuja dukani kwetu hapa Mkuyuni, Mwanza, kushonesha sare za harusi yake. Alikuwa bado anatafuta siku ya nikaha. Tukamshauri Ijumaa, Aprili 18: ni Shawwal, ni Ijumaa, na ni sikukuu, kila mtu yupo nyumbani. Hatukujiuliza ni sikukuu ya nani. Ilikuwa Ijumaa Kuu, na mama yake mkubwa aliyemlea ni Mkatoliki. Siku ya shughuli gauni la mama huyo lilibaki linaning'inia dukani, na bibi harusi alilia sana.

Jumatatu ya Pasaka tulimpelekea gauni lake na kumwomba radhi. Hakutufokea. Alitukaribisha chai, akatueleza kwamba Ijumaa ile kwao ni kama msiba. Kanisa haliadhimishi Misa siku hiyo, waumini wanafunga na hawali nyama, na ndoa hazifungwi Ijumaa hiyo wala Jumamosi yake. "Ningekaaje kwenye pilau na vigelegele, wanangu, nami nipo msibani?" alituuliza. Hatukuwa na jibu.

Tangu siku hiyo tumejifunza. Kwa Wakatoliki Pasaka ndiyo sikukuu kubwa kuliko zote, kuliko hata Krismasi. Wanaamini Yesu alikufa Ijumaa akafufuka Jumapili, na kwamba mtu akibatizwa anaizika dhambi pamoja naye na kuanza maisha mapya. Ndiyo maana tangu karne za mwanzo Pasaka imekuwa wakati wa kubatiza. Anayebatizwa huvishwa nguo nyeupe, na mshumaa wake huwashwa kutoka kwenye mshumaa mkubwa wa Pasaka. Nguo hizo nyeupe tumezishona miaka mingi bila kuuliza maana yake.

Historia hiyo ipo hapa hapa ziwani. Mwaka 1878 Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana kama Mapadri Weupe, walitoka Bagamoyo kwa msafara wa miguu mpaka Kageye, kwenye ufuko wa kusini wa ziwa hili. Padri Siméon Lourdel na Bruda Amans wakavuka maji, wakafika Buganda Februari 1879, enzi za Kabaka Mutesa wa Kwanza. Waganda wanne wa kwanza walibatizwa Machi 27, 1880. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi Kuu, kesho yake Pasaka.

Baadaye Askofu Charles Lavigerie, muasisi wa shirika lao, alisisitiza mtu afundishwe miaka minne kabla ya kubatizwa. Mwishoni mwa 1882 mapadri waliondoka Buganda, wakarudi upande wetu, na mwaka 1883 wakafungua misheni ya Bukumbi, kusini mwa jiji letu. Waliporudi Buganda mwaka 1885 walikuta waumini wameongezeka, wakifundishana wenyewe.

Dada zetu, imani yetu juu ya Nabii Issa (a.s.) ni ile iliyomo katika Suratun-Nisaa, na haijatikisika. Lakini kujua jirani anaamini nini hakukutoi kwenye dini yako. Kumbukeni kuunga udugu ni wajibu, na wengi wetu tuna mama wadogo, mashangazi na mabibi ambao ni Wakristo.

Kwa hiyo kabla ya kupanga tarehe, tazama kalenda zote mbili. Pasaka hufuata mwezi, kama Idi zetu zinavyofuata mwezi: ni Jumapili baada ya mwezi mpevu wa kwanza kuanzia Machi 21, kwa hiyo huangukia kati ya Machi 22 na Aprili 25. Siku arobaini za Kwaresima hutangulia, na wengi wao hawachezi ngoma kipindi hicho. Uliza jamaa zako mapema.

Yule mama mkubwa alilivaa gauni lake wiki mbili baadaye, bibi harusi alipomwalika chakula cha mchana nyumbani kwake. Pilau alikula, tena aliongeza.

Allah atujaalie ndoa zenye kheri na familia zenye kusikilizana. Wabillahi tawfiq.