Yuxuan kwa Kiswahili: kura za maoni au uchaguzi wa mchujo?

Sheria ya Uchaguzi ya China ya mwaka 1979 ina neno moja linalomtoa jasho mfasiri wa Kiswahili: yuxuan. Yu ni kabla, xuan ni kuchagua. Liliingia katika sheria hiyo tangu mwanzo, likafutwa katika marekebisho ya 1986, kisha 2004 likarudishwa kwa chaguzi ambazo wananchi wanapiga kura wenyewe. Kwa hiyo linamhusu moja kwa moja mkazi wa Nansha, wilaya ya kusini kabisa ya Guangzhou, pale Mto Zhujiang unapomalizikia baharini. Mkazi huyo, akiwa raia wa China aliyefikisha miaka 18, humchagua kwa mkono wake mjumbe wa Bunge la Umma la wilaya kila baada ya miaka mitano. Akiishi katika mji mdogo wa Huangge au Dagang huchagua pia wajumbe wa bunge la mji huo. Akiishi katika mtaa wa Longxue, bandari ilipo, hana kura hiyo ya pili, kwa kuwa mitaa haina mabunge yake. Anayesoma sheria hiyo kwa Kiswahili, akikutana na yuxuan, aambiwe ni nini?

Jibu la haraka la Mtanzania ni kura za maoni. Mkenya atasema mchujo. Wasomaji wa habari za Marekani, wakati wa kusimulia uteuzi wa wagombea urais kule Iowa na New Hampshire, wamezoea pia uchaguzi wa awali. Maneno haya matatu huchukuliwa kama mapacha, na kamusi nyingine zingeyapanga kwa mkato yakasomeka kama kitu kimoja. Kwangu si kitu kimoja. Kila neno linabeba dai kuhusu nani mwenye kauli ya mwisho, na anayefuatilia siasa akichukua neno lisilofaa atakosea kusoma mahali ambapo uamuzi wenyewe hufanyika.

Tuanze na kura za maoni, kwa sababu ndilo lenye mzigo mkubwa kuliko yote. Tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari walipiga kura ya maoni kuamua kama kuwe na serikali ya umoja wa kitaifa, na theluthi mbili hivi wakakubali. Matokeo yale yalibadilisha Katiba ya Zanzibar. Majira yale yale wanachama wa CCM walikuwa wakipiga kura za maoni kupata wagombea wa ubunge, na hizo hazikumfunga mtu: vikao vya juu vilikuwa na haki ya kumpitisha wa kwanza, wa pili au wa tatu. Waandishi wa habari nao, hasa Kenya, huita kura za maoni zile tafiti za kuuliza watu wachache nani wangempigia kura. Basi neno moja limebeba amri ya umma, ushauri kwa chama na makisio ya mtafiti. Anayetetea matumizi haya atasema muktadha hutosha, na kweli msikilizaji wa Dodoma hachanganyikiwi. Lakini muktadha humsaidia aliye ndani yake. Mwanafunzi wa Mombasa anayesoma sheria ya China, au mfanyabiashara wa Kariakoo mwenye shehena Nansha, hana muktadha wa kuegemea ila neno lenyewe.

Hata hivyo nalipa neno hili heshima yake, kwani kwa Tanzania linasema kweli kwa namna isiyo ya kawaida. Maoni ni maoni. Anayetoa maoni hakuamua. Mwaka 2020 katika jimbo la Kawe, Dar es Salaam, Josephat Gwajima hakuongoza kura za maoni za CCM, lakini ndiye aliyepewa bendera ya chama na akawa mbunge. Waliolalamika kwamba kura zao zilipuuzwa walikuwa na uchungu wa haki, ila jina la zoezi lilikuwa limewatahadharisha. Kwa mgombea wa urais hakuna hata maoni ya wanachama wote. Mwaka 2015 makada 38 walirudisha fomu, vikao vikabakiza watano, Edward Lowassa hakuwamo, na wajumbe wa mkutano mkuu wakaletewa watatu ambao kati yao walimchagua John Magufuli. Magazeti yaliita hatua hizo tano bora na tatu bora, na kitendo cha kupunguza majina kiliitwa kuchuja.

Hapo ndipo pingamizi kubwa dhidi ya neno la Kenya linapotokea. Ikiwa Tanzania kuchuja ni kazi ya kikao, je, uchaguzi wa mchujo hautamfanya msomaji adhani ni kikao kinachochuja badala ya wapiga kura? Pingamizi hili lina uzito. Nadhani kinacholiokoa neno ni sehemu yake ya kwanza. Mchujo pekee hausemi nani ameshika chujio. Uchaguzi wa mchujo unasema limeshikwa na wapiga kura. Ni neno refu kidogo zaidi, lakini limetaja mwenye mkono. Tena lina faida ambayo sikuitegemea: Mswahili husema mechi za mchujo kwa zile za kutafuta nafasi ya kuingia mashindano makubwa, na Mchina huziita mechi za kufuzu Kombe la Dunia yuxuansai, neno lile lile la sheria likiwa limevaa jezi. Lugha mbili zisizo na undugu wowote zimeuona uwanja wa mpira na sanduku la kura kwa jicho moja. Uchaguzi wa awali, kwa upande wake, hutaja saa tu. Unaniambia ulitangulia, hauniambii ulifanya nini.

Na kutangulia si jambo dogo la kuachiwa saa. Katika Kenya ya 1988, chini ya chama kimoja, KANU, wanachama walipanga mistari nyuma ya wagombea, mlolongo kama ulivyoitwa, na aliyepata zaidi ya asilimia 70 ya waliopanga mstari alihesabiwa amepita bila kupingwa. Hatua iliyoitwa ya uteuzi ikawa uchaguzi mzima, bila karatasi na bila siri. Texas ilishajua mbinu hiyo: chama cha Democratic kilikuwa na nguvu kiasi kwamba mshindi wake wa ndani ndiye mshindi, kwa hiyo Weusi walizuiliwa kwenye mchujo wa chama huku wakiruhusiwa kisheria kupiga kura ya mwisho. Mahakama ya Juu ya Marekani ilivunja utaratibu huo 1944 katika kesi ya Smith na Allwright. Hoja iliyoshinda ilikuwa, kwa ufupi, kwamba hatua ya kwanza ni sehemu ya uchaguzi na si mambo ya ndani ya klabu.

Sasa turudi Nansha tukiwa na chujio mkononi. Eneo la uchaguzi huchagua mjumbe mmoja hadi watatu. Vyama na jumuiya zinaweza kupendekeza majina, na wapiga kura kumi au zaidi wakiungana wanaweza pia. Majina yote hutangazwa siku 15 kabla ya kura. Lakini wagombea rasmi hawaruhusiwi kuzidi mara mbili ya nafasi, kwa hiyo nafasi tatu haziwezi kuwa na wagombea zaidi ya sita. Majina yakizidi, vikundi vya wapiga kura hujadili na kushauriana. Wasipofikia maoni yanayokaribiana, ndipo yuxuan hufanyika, na orodha rasmi hupangwa kwa kufuata wingi wa kura. Siku saba kabla ya uchaguzi orodha hiyo hutangazwa.

Soma tena maneno hayo: kwa kufuata wingi wa kura. Kwa maandishi ya sheria, yuxuan ya Nansha inafunga kuliko kura za maoni za Kawe. Kuiita kura za maoni ni kuifanya dhaifu kuliko ilivyoandikwa. Mtu atanijibu kwamba naipamba China, nchi ambayo mwaka 2011, watu wengi walipojitangaza wenyewe kugombea mabunge ya wilaya, maofisa walisema sheria haimjui mgombea wa kujitegemea. Sipambi. Nguvu imekaa kwenye hatua inayotangulia, mashauriano, xieshang, kwa sababu kamati ya uchaguzi ndiyo inayosema kama maoni yamekaribiana, na ikisema ndiyo, hakuna kura ya kuchuja chochote. Istilahi iliyonyooka humwezesha msomaji kuona pengo hilo. Iliyopinda hulifunika, maana mtu akisoma "maoni" katika hatua zote mbili hataweza kutenganisha mazungumzo na kura. Kura ya mkazi wa Nansha, isitoshe, huishia wilayani. Wilaya huchagua wajumbe wa jiji, jiji wa mkoa, mkoa wa taifa, na ni hao wa taifa, 2952 bila hata mmoja kupinga, waliomchagua Xi Jinping kuwa rais tena Machi 2023. Kati ya Huangge na Beijing hakuna hatua ya kuitwa mchujo wa urais, na mfasiri asiizushe.

Kifungu cha yuxuan, basi, ningekiweka hivi: iwapo mashauriano hayakuleta maoni yanayokaribiana, utafanyika uchaguzi wa mchujo, na wagombea rasmi watapangwa kwa wingi wa kura walizopata humo. Kura za maoni ningeliacha Tanzania, kwa chama kinachotaka kuwasikiliza wanachama wake kabla hakijaamua.